Mwombaji Mwenye Simu

Mfanyabiashara aliyetoka Maskati kununua mikoba Sanyuanli, wilayani Baiyun mjini Guangzhou, huenda akampa mwombaji yuan 10, kisha akamwona akitoa simu kupokea sadaka za wengine. Papo hapo hujiona amekhadaiwa. Lakini katika China ya leo hata muuza mboga wa njiani hulipwa kwa simu. Kuwa nayo si dalili ya utajiri.

Na lau ni tajiri kweli? Mtume (s.a.w.) amesimulia habari za mtu ambaye sadaka zake za usiku zilimwangukia mwizi, na kahaba, na tajiri. Watu wakamsema, naye akabashiriwa kuwa zimekubaliwa. Dhambi ya uwongo ni ya mwombaji.

Zaka ina hukumu yake: ni haki ya mafungu 8, na mtoaji hulazimika kuuliza kwanza. Akiuliza kisha akakosea, wanavyuoni wamekhitalifiana kama atatoa tena. Yuan zile hazikuwa zaka. Basi uchungu ni wa nini? Aghlabu si wa mali, ni wa kuonekana mjinga. Na anayeulipia ni mwombaji wa kesho, mkweli, atakayenyimwa.