Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Amana ya Ushahidi Sokoni na Mtandaoni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Tunataka kukumbushana kuhusu ushahidi. Si ule wa mahakamani tu, bali ushahidi tunaoupokea na kuutoa kila siku kwa simu zetu. Mtu anaposimama mbele ya kamera na kusema, "Hii nimeijaribu, ni nzuri kuliko zote," huyo ametoa ushahidi. Nawe unapoisambaza video hiyo katika kundi la jumuiya yetu na kuandika "hii kitu ni ya kweli", nawe pia umekuwa shahidi.

Tuchukue mfano mmoja ambao vijana wengi wa vyuo vyetu wanaujua. Barabara za Kampala na Bujumbura zimejaa magari yaliyotumika kutoka Japani, yanayotushukia kwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Jua limeyachujua rangi na vumbi jekundu halikosekani. Kwa hiyo kazi ya kuosha na kung'arisha magari imekuwa riziki ya halali kwa vijana wengi, na wengine huianza wakiwa bado masomoni. Mwalimu wao ni nani? Mara nyingi ni video za YouTube, hasa za mafundi wa Marekani na Uingereza. Humo hujifunza namna ya kuosha bila kukwaruza, kushika mashine ya polishi, na kupaka ile kinga inayoitwa seramiki.

Wengi wa walimu hao wana elimu ya kweli na wameifundisha dunia bure. Lakini wengi wao pia wamekuwa wauzaji. Anayelinganisha shampuu tano leo, moja kati ya hizo ina jina lake. Wapo wanaolifanya hilo kwa uwazi. Larry Kosilla wa Marekani, kwa mfano, kituo chake kinaitwa AMMO NYC, na jina hilo hilo liko kwenye chupa anazouza, basi mtazamaji anajua yuko dukani kwa nani. Wapo wengine ambao uhusiano wao na chupa unatajwa kwa maandishi madogo chini ya video, au hautajwi kabisa.

Je, kuuza bidhaa yako mwenyewe ni kosa? Hasha. Allah (s.w.) amehalalisha biashara, na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume. Alisafiri na mali ya Bibi Khadija (r.a.) mpaka Sham, na watu wa Makka walimwita Al-Amin, Mwaminifu. Wala hatuna ruhusa ya kumdhania vibaya kila anayeuza. Tatizo liko kwingine, na wahenga wetu walishaliona: mwamba ngoma huvutia kwake.

Tazameni jinsi wanazuoni wetu wa fiqhi walivyolichambua jambo hili karne nyingi kabla ya intaneti. Walisema kuwa ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa kwa ushahidi wake haukubaliwi. Mshirika hamtolei ushahidi mshirika wake katika mali wanayoshirikiana. Baba hamtolei mwanawe, kwa kauli ya wengi wao. Hapo pana nukta kubwa, ndugu zangu: kumkataa shahidi huyo hakukuwa kumwita mwongo. Anaweza kuwa mchamungu, mwenye kuswali usiku. Anakataliwa kwa sababu ya tuhuma ya maslahi, kwa kuwa moyo wa mwanadamu huelemea upande wake bila hata mwenyewe kutambua.

Kipo kisa mashuhuri cha Sayyidna Ali (r.a.) na deraya yake. Kinasimuliwa sana, ingawa wanazuoni wa hadithi wamesema sanad yake ni dhaifu. Husimuliwa kwamba alipokuwa Khalifa aliidai deraya hiyo mbele ya Kadhi Shurayh, akamleta mwanawe Hasan (r.a.) kuwa shahidi. Kadhi hakuukubali ushahidi wa mwana kwa baba yake. Nani angethubutu kumwita Hasan mwongo? Lakini kanuni ilibaki kanuni.

Basi ikiwa mjukuu wa Mtume (s.a.w.) anahesabiwa hivyo katika fiqhi, vipi sisi tumwamini bila kuuliza mtu tusiyemjua, anayeshuhudia juu ya chupa anayoiuza yeye mwenyewe?

Wanazuoni hawakuishia mahakamani. Katika biashara zinazoitwa biashara za amana, muuzaji humwambia mnunuzi, "Nimenunua kwa kiasi hiki, niongeze faida kiasi hiki," na mnunuzi hutegemea neno lake tu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali walisema kuwa ikiwa muuzaji huyo alinunua bidhaa kutoka kwa mtu kama baba yake au mwanawe, ambao hawakubaliwi kutoleana ushahidi, inampasa aseme. Akinyamaza, mnunuzi akija kujua ana hiari ya kuirudisha. Hakuongopa bei. Kosa lake ni kuficha uhusiano ambao mnunuzi angeujua huenda angefikiri mara mbili.

Serikali za leo zimefika mlango huo huo. Huko Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, katika miongozo yake iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2009 na tena 2023, inamtaka anayesifu bidhaa aeleze waziwazi uhusiano wake na muuzaji, iwe ni pesa, zawadi ya bure au undugu. Mwezi Oktoba 2024 ikaanza kutumika kanuni inayokataza maoni bandia ya wateja, na pia inayokataza kampuni kuendesha tovuti ya tathmini ikijifanya ni huru ilhali ni yake. Waislamu tusione haya kusema kuwa hili ni jema. Ila anayemcha Allah hangoji tume imfuate.

Sasa tuangalie namna udanganyifu unavyoingia bila uongo wa wazi kutamkwa.

Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga chuchu mnyama wa maziwa kwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ndivyo alivyo siku zote. Aliyedanganywa hivyo alipewa hiari ya siku 3, akitaka ambakishe, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Muuzaji hakusema neno la uongo. Kiwele ndicho kilichosema. Katika ung'arishaji wa magari, kiwele kilichofungwa kipo. Ziko polishi zenye mafuta yanayojaza mikwaruzo badala ya kuiondoa. Boneti hung'aa mbele ya kamera, na baada ya kuoshwa mara chache mikwaruzo hurudi ilipokuwa. Fundi mwaminifu hufuta kwanza kwa spiriti, mafuta yatoke, ndipo aonyeshe matokeo.

Kadhalika yale matone ya maji yanayoteleza kwa uzuri juu ya rangi. Yanaonyesha kuwa maji hayashiki juu ya uso ule. Hayathibitishi kuwa rangi haitakwaruzika. Na ile alama ya 9H inayoandikwa kwenye chupa za seramiki hutokana na kipimo cha penseli: hukwaruzwa penseli za ugumu tofauti juu ya rangi, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote katika kipimo hicho. Wengi huichanganya na kipimo cha ugumu wa mawe, ambacho almasi imepewa 10, wakadhani gari limevishwa kitu kinachokaribia almasi. Ukweli ni kwamba kinga hiyo kwa kawaida ni tabaka la mikroni moja au mbili tu. Ina faida zake: husaidia gari kuosheka kwa urahisi na hupunguza madhara ya uchafu. Lakini haizuii mkwaruzo wa kichaka wala wa mchanga. Anayejua haya akanyamaza ili mnunuzi abaki na dhana yake, amekifunga kiwele.

Tena kuna mizani. Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wanaotaka wapimiwe kamili na wao wanapowapimia wengine hupunja. Anayeshindanisha bidhaa yake na ya mwenzake, yake akaipaka juu ya rangi iliyosafishwa vizuri, ya mwenzake juu ya rangi chafu, au akaichanganya na maji kuliko ilivyoelekezwa, huyo amepunja mizani. Mizani haipunjwi kwa mawe ya kilo tu.

Na kuna najshi, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua ili wengine washawishike. Mtume (s.a.w.) aliikataza. Leo najshi ni yale maoni ya kununuliwa chini ya video, watu ambao hawajawahi kuigusa chupa lakini wanaapa imewabadilishia maisha.

Mtu atauliza, haya yote kwa ajili ya shampuu ya gari? Fikirieni kijana aliyemaliza chuo, akakopa kwa wajomba zake na kununua mashine ya maji na chupa za bei kubwa alizoziona kwenye video. Akamwahidi mteja wake wa kwanza kuwa rangi haitakwaruzika tena, kwa sababu ndivyo alivyosikia. Mwezi wa pili mteja amerudi na mikwaruzo, tena mbele ya watu. Aliyeonekana mwongo siku hiyo si yule wa kwenye video, naye alishalipwa. Ni huyu ndugu yetu, ambaye jina lake ndilo lilikuwa mtaji pekee aliobaki nao. Udanganyifu husafiri kutoka mkono hadi mkono, na mara nyingi mzigo wake humwangukia wa mwisho, aliye dhaifu kuliko wote.

Wala tusiwanyooshee kidole walio mbali tu. Ndani ya jumuiya zetu wapo ndugu wanaouza mafuta ya habbat sawda, simu, vitabu, tiketi za safari za mapumziko. Hilo ni jema, na tuwaunge mkono. Lakini ndugu anayetuswalisha Ijumaa, au dada anayetufundisha tajwidi, anaposifu kitu kundini, tunamwamini kwa sababu ya swala na tajwidi. Kama ana fungu lake katika kila kinachouzwa na hasemi, anaiuza imani tuliyompa kwa ajili ya Allah. Hiyo ni amana nyingine kabisa, na bei yake haiko sokoni.

Basi tufanye nini?

Kwanza, unayesifu bidhaa, taja uhusiano wako mwanzoni, kwa lugha ya wazi. "Hii ni yangu." "Hii nimepewa bure." "Ukinunua kwa kiungo hiki napata kitu." Usilifiche mwishoni mtu akiwa ameshalipa.

Pili, taja kasoro. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akaambiwa kuwa anayeghushi si katika sisi. Hakuambiwa asiuze. Aliambiwa aweke juu. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa wauziane wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kuongopa baraka hufutwa.

Tatu, unayenunua, thibitisha habari kabla ya kuitegemea, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat. Uliza: huyu anapata nini nikinunua? Je, amewahi kusema bidhaa yake ilishindwa? Yuko asiye na fungu aliyefika matokeo hayo hayo? Jifunze kwa muuzaji namna ya kufanya kazi, kwani elimu yake ni elimu. Katika hukumu ya kipi bora, tafuta shahidi mwingine. Huko si kumdhania vibaya, ni kumweka kila mtu mahali pake.

Nne, viongozi wa makundi yetu waweke kanuni rahisi: anayetangaza kitu chenye maslahi yake aseme, asiyesema tangazo lifutwe, awe nani.

Tumalizie kwa Jarir bin Abdullah (r.a.), aliyempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Imepokewa kuwa mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi alimwambia mwenyewe kuwa anafaa zaidi ya hapo, akaendelea kupandisha mia kwa mia mpaka akamlipa 800. Alikuwa mnunuzi, maslahi yake yalikuwa bei ishuke, na mwenye farasi alikuwa ameridhika. Aliutoa ushahidi dhidi ya mfuko wake, kama Suratun Nisaa inavyotuamrisha kuwa mashahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zetu.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, zitakase ndimi zetu, na utujaalie tuwe watu wanaoaminika tunaponunua na tunapouza, tunapoonekana na tunapokuwa peke yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.