Wakili Aliyefutwa

Tuseme, msomaji, kuna mjane wa Kiminini, karibu na Kitale, aliyeuza ekari tatu za shamba alilolirithi kwa mumewe. Fedha zilipitia kwa wakili mwenye ofisi mjini Bungoma, maana mnunuzi na muuzaji wasipoaminiana, huamini mhuri wa wakili. Sheria humtaka wakili aweke fedha za mteja katika akaunti ya peke yake, mbali na zake mwenyewe. Huyu alizichanganya, kisha akazila. Akashitakiwa mbele ya baraza la nidhamu, na jina lake likafutwa katika sajili ya mawakili.

Miaka 10 imepita. Amelima mahindi, amemlipa mjane hata senti ya mwisho, naye aomba kurudishwa. Anakataliwa. Anakwenda Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Kitale na Bungoma pia. Jaji aamue nini?

Wengi hujibu upesi. Huyu husema mwizi ni mwizi; yule husema hata mfungwa hufunguliwa siku yake ikifika. Naona wote wawili wamechanganya msamaha na amana. Mjane aweza kumsamehe, na msamaha ni mali yake. Akiutoa, hapana wa kumzuia. Lakini amana atakayopewa wakili huyu kesho ni ya mtu mwingine, ambaye bado hajapanda ngazi za ofisi yake wala hajui habari zake. Huyo hajaulizwa kitu. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Bolton ya mwaka 1993, iliona kwamba sifa ya kazi ya uwakili ni kubwa kuliko bahati ya wakili mmoja.

Neno hilo ni gumu, nami nalikubali, ila si lote. Sajili zimepata kukosea. Gandhi alifutwa London mwaka 1922, baada ya kufungwa India kwa uchochezi. Akarudishwa mwaka 1988, miaka 40 baada ya kufa kwake. Bram Fischer, aliyemtetea Mandela, alifutwa Afrika Kusini mwaka 1965, akafa mwaka 1975, akarudishwa mwaka 2003. Hao hawakula fedha za mjane. Walikosana na serikali. Walakini kalamu iliyowafuta ni ile ile.

Kwa hiyo yafaa awepo wa kuitazama kalamu hiyo. Lakini jaji anayepitia uamuzi hakai katika kiti cha waliokataa, wala hajiulizi kama yeye angemrudisha mtu huyu. Huuliza kama walimsikiliza. Kama waliipima miaka ile 10, au walifungua jalada la zamani na kulifunga. Kama waliandika sababu. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtu haki ya kutendewa kwa sheria na busara, na kupewa sababu kwa maandishi haki yake inapoguswa. Wakiwa hawakufanya hivyo, shauri hurudi kwao. Wakisikiliza vema na kukataa tena, basi, wamekataa.

Utasema hiyo ni faida ndogo kwa mwombaji. Si ndogo. Sababu iliyoandikwa humwonyesha alichopungukiwa. "Hapana" tupu ni kifungo cha maisha ambacho hakuna hakimu aliyekitoa. Hata hivyo, jalada likirudishwa kusikilizwa upya, natamani mtu mmoja afike Kiminini kumwuliza yule mjane maoni yake, kabla ya wanasheria kuanza kunena kwa niaba yake.