Deni la Mfugaji

Hukumu ya jema na baya ni kazi ngumu hata pale mdai, mdaiwa na shahidi wote wanapoweza kusema. Huzidi ugumu pale wote watatu wanapokuwa samaki. Walakini mambo madogo yana faida moja kwa mwenye kutafuta haki: hayana kabila, hayana chama, wala hayana jamaa wa kuyatetea, na kwa hiyo twaweza kuyatazama pasipo hasira. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja. Tendo linalohesabiwa kuwa la maumbile likitendeka ndani ya chombo kilichojengwa na mtu, kwa mpango wa mtu, na kwa faida ya mtu, ni tendo la nani?

Katika viunga vya Dar es Salaam, toka Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hata Tandika na Mbagala upande wa Temeke, ufugaji wa samaki wa pambo si jambo la ajabu. Fundi wa vioo hukata vipande vitano na kuviunganisha kwa gundi ya silikoni. Pampu ndogo ya hewa hutiwa. Maji ya bomba hulazwa siku moja au zaidi ili dawa yake ipungue nguvu. Joto la pwani ni fadhila iliyokuja bila kuombwa. Mfugaji wa Ulaya hulipia umeme wa kupasha maji yake hata yafike nyuzi 25, naye wa Temeke hupewa nyuzi hizo na jua. Maji ya visima vingi vya pwani ni magumu kwa chokaa, na ugumu huo, usipofuatana na chumvi nyingi, huwafaa samaki watokao Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni magumu vilevile.

Miongoni mwa samaki wa ziwa hilo yumo mmoja mdogo, wa jamaa ya kambare, ambaye wafugaji wa nchi nyingi humtamani. Ni wa kundi ambalo wavuvi wetu wengi huliita gogogo. Wataalamu humwita Synodontis multipunctatus, jina alilopewa na Boulenger mwaka 1898, maana yake mwenye madoa mengi. Mwili wake mweupe umejaa madoa meusi, na mapezi yake meusi yana kingo nyeupe kama nguo iliyotiwa tarizi. Katika tangi aghalabu hafikii shubiri moja. Uzuri huo ungetosha kumpatia wanunuzi, lakini sifa yake kubwa ni namna azaavyo.

Yampasa msomaji akumbuke kwanza desturi ya perege na jamaa zake. Jike wa perege hutaga, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani mwake. Samaki wengi wa ukoo huo hufanya vivyo hivyo, na kwa muda wa majuma mawili au matatu mama hali chakula, au hula kidogo mno, asije akameza wanawe. Gogogo wa madoa huijua saa ya kutaga. Dume na jike wake hujipenyeza kwa kasi baina ya wazazi hao, hula baadhi ya mayai, na papo hapo huacha ya kwao. Mama, katika haraka ya kuokoa alicho nacho, huokota yote. Mayai ya mgeni huanguliwa mapema kuliko ya mwenyeji, na watoto wa gogogo, wakiisha kumaliza kiini chao, huwala watoto wa mama yule mle mle kinywani. Mama hufunga siku zake zote, na mwisho hufumbua kinywa akawatoa watoto wasio wake. Habari hii ilitangazwa mwaka 1986 na mtaalamu wa Kijapani, Tetsu Sato, ambaye jina lake kwa masikio ya watu wa Mwanza ni jina la samaki.

Mbele ya habari hii wako wanaosema kuwa gogogo ni mwovu. Sikubaliani nao. Ndege kekeo hutaga katika kiota cha ndege mwingine, na hakuna kadhi aliyemwita barazani. Uovu wahitaji njia mbili na uwezo wa kuchagua mojawapo. Gogogo ana njia moja tu ya kupata mwana, nayo ni hiyo. Asiyeweza kuacha hawezi kulaumiwa kwa kutenda, wala mama alealaye mgeni hawezi kuitwa mpumbavu kwa kutojua jambo ambalo giza la kinywa chake limemficha.

Basi mfugaji hujitetea kwa hoja hiyo hiyo. Husema, «Mimi sikuumba desturi hii. Ziwani hutendeka kila siku. Mimi nimelileta ziwa nyumbani.» Hoja hii ina nguvu, na ingetosha kama kweli ziwa ndilo lililoletwa. Lakini tuangalie tangi lenyewe. Wafugaji wengi hawamweki gogogo pamoja na wenyeji wake wa Tanganyika. Humweka pamoja na samaki waatamiao kinywani kutoka Ziwa Nyasa, au pamoja na furu wa Ziwa Victoria, kwa kuwa hao huzaa upesi na hudanganyika upesi. Mwaka 2018 wataalamu wa Jamhuri ya Cheki walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya jambo hili. Samaki wa Tanganyika, ambao wazee wao wameishi na gogogo vizazi visivyohesabika, hujihadhari naye na huyatema mayai mengi ya kigeni, hata ikiwa gharama yake ni kutema na baadhi ya yao wenyewe. Samaki wa maziwa mengine hawana ujuzi huo, na gogogo hufanikiwa kwao mara kadhaa zaidi.

Hapa ndipo utetezi unapovunjika. Gogogo wa madoa hayuko Ziwa Victoria wala Ziwa Nyasa. Maumbile hayakumkutanisha na mama hao hata siku moja. Mkutano wao umepangwa na mtu, na umepangwa hivyo kwa sababu mmoja wao hajui. Ziwani kuna ushindani wa wawili waliojifunza hila kila mmoja kwa mwenziwe. Tangini kuna mtego. Faida ya mfugaji yatoka katika ujinga wa mama, kama faida ya mlanguzi itokavyo katika ujinga wa mtu aliyeshuka stesheni leo, asiyejua bei za mjini. Sheria yaweza isimguse mlanguzi huyo, lakini hakuna amwitaye mwadilifu.

Wala jambo hili si la tangi peke yake. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa Ziwa Victoria kwa mkono wa watu, kwa nia ya kuongeza kitoweo. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimetoweka, ijapokuwa uvuvi na uchafu wa maji vilichangia. Sangara hakukosa kitu kwa kula. Waliomvusha ndio waliopaswa kuulizwa, nao walikuwa na nia njema na wamekwisha ondoka. Tangi la sebuleni ni dogo, na mwenyewe yupo amelikabili. Kwa hiyo swali lake lina wa kulijibu.

Yamkini mtu atasema, «Samaki tunamkaanga na kumla, kwa nini tulie juu ya mayai yake?» Najibu kuwa haja hupima haki. Anayemvua perege ili watoto wake wale ana haja ielezekayo. Anayemfanya mama afunge majuma matatu bure, ili wageni watazame na mnunuzi alipe, yampasa atoe sababu iliyo nzito kuliko kupendezwa. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kama kulea ni kazi, basi mwenye kuitumia kazi ya mlezi kwa hila anadaiwa ujira, hata kama mlezi hajui kudai.

Sisemi kwamba matangi yavunjwe. Nasema deni lilipwe, na njia za kulilipa zajulikana na wafugaji wenyewe. Ya kwanza ni kumpa gogogo mwenyeji wa ziwa lake, mwenye silaha ya kujilinda, na kuridhika na watoto wachache. Ya pili ni kuyatoa mayai kinywani mwa mama mapema, kabla watoto wa mgeni hawajaanza kula, na kuyatenga: ya gogogo ni madogo, ya mwenyeji ni makubwa. Pande zote mbili hulelewa, na mama huanza kula tena. Ziwa haliwezi kufanya hivyo, mtu aweza, na uwezo huo ndio unaomtofautisha na gogogo. Ya tatu ni kufuga gogogo wengine wadogo wa ziwa lile lile, kama Synodontis lucipinnis, ambao hutawanya mayai yao mawepevuni na hawahitaji kinywa cha mtu.

Njia hizi zote zina hasara kidogo: watoto wachache, mikono yenye kazi zaidi, sifa ndogo mbele ya wageni. Atakayezikataa kwa ajili ya hasara hiyo amekwisha kulijibu swali tulilouliza mwanzo. Alikuwa na njia zaidi ya moja, akachagua. Na tendo la mwenye kuchagua ni lake, ingawa lilitendwa na samaki.