Kudra na Jenereta

Umeme ukikatika, jenereta huwashwa ili friji na pampu ya maji visisimame. Mtu akifa kwa sababu ya jenereta hiyo, msibani husemwa kwamba siku zake zilifika. Kwamba siku za mja ziko mikononi mwa Mungu, naamini. Ninachokataa ni imani hiyo kutumiwa kumfutia dhima aliyewasha jenereta, maana karibu kila hatari ya mashine hiyo inajulikana kabla haijawashwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Jenereta ikiwekwa barazani chini ya dirisha, huweza kuua waliolala. Mota ya friji au pampu, inapoanza kuzunguka, huweza kuvuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishachanganya. Jenereta ndogo ikizidiwa, volti hushuka, mota hukwama ikinguruma na koili zake huungua.

Linaloniuma zaidi ni hatari inayomfuata asiyehusika. Wapo wanaochomeka waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo huweza kurudi hadi transfoma ya mtaa na kupandishwa kutoka volti 230 kuelekea 11,000, na juu ya nguzo yuko fundi anayedhani laini imezimwa. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, humtaka ajengaye nyumba azungushe ukuta darini, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Mwenye uhai ni Mungu, na bado damu inahesabiwa kwa mwenye nyumba.

Atasema mtu kwamba tahadhari ni upungufu wa imani. Khalifa Umar bin Khattab alipougeuza msafara usiingie Sham yenye tauni, jemadari wake Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar alijibu kwamba anaikimbia kudra ya Mungu kuiendea kudra ya Mungu. Kujikinga, basi, nako ni kudra.

Pingamizi zito zaidi ni la kipato: swichi ya kubadilishia umeme, ya kuitenga nyumba na laini ya mtaa, na fundi wa kuifunga ni gharama. Asiyeimudu simlaumu kwa kuikosa, lakini ukata haumhalalishii soketi. Aiweke jenereta nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, aunganishe friji moja kwa moja na jenereta kwa waya mnene, na pampu aiwashe friji ikiwa imechomolewa. Hata hayo yakishindikana, aiache jenereta ikiwa imezimwa. Friji isiyofunguliwa mlango hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi.