Kumkumbuka Mtu Mwema ni Kulipa Deni

Hakuna mtaa usiofikwa na msiba. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Mbagala na Tandika upande wa Temeke hadi Mwananyamala na Kawe upande wa Kinondoni, haipiti siku nyingi pasipo turubai kufungwa mbele ya nyumba ya mtu, mikeka ikatandikwa, na jirani wakaketi pamoja na wafiwa. Mara nyingi aliyefariki si mtu wa cheo. Ni baba wa nyumba, aliyelea watoto wake na wa ndugu zake, akawaongoza jirani kuchimba mfereji wa maji ya mvua, akapatanisha waliogombana, akawa wa kwanza kutoa shilingi yake pampu ya kisima ilipoharibika. Watu humlilia kwa machozi ya kweli na kusema kwamba alikuwa baba wa wote.

Kisha hupita siku tatu, hupita arobaini, turubai hurudishwa lilikoazimwa, na kila mtu hurejea katika shughuli zake. Mfereji ule huanza kujaa takataka. Waliokuwa wakipatanishwa hugombana tena, wala hapatikani wa kuwasuluhisha. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila mwenye akili hana budi kulitafakari: Je, kumkumbuka mtu mwema ni nini hasa? Je, ni kumsifu? Ni kumlilia? Ni kuliandika jina lake mahali? Au liko jambo jingine kubwa zaidi, ambalo sifa na machozi ni mlango wake tu?

Deni halifi pamoja na mtu

Islamu imetufundisha kuwataja wafu wetu kwa wema, na hilo ni jambo jema. Lakini sifa ina hatari mbili. Kwanza, ulimi huweza kuzidisha mpaka marehemu akafanywa malaika, hata watoto wake wakakata tamaa ya kumfuata, maana nani awezaye kumfuata malaika? Pili, sifa ni rahisi. Haimgharimu asemaye chochote, na mtu huweza kuridhika nayo akadhani amekwisha kutimiza wajibu wake.

Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipoletewa jeneza ili aliswalie, alikuwa akiuliza kama marehemu ameacha deni, na kama ameacha kitu cha kulilipia. Na Kurani Tukufu, ilipoweka sheria za urithi katika Sura Nisaa, imeamuru mali ya marehemu isigawanywe ila baada ya kutimiza wasia wake na kulipa deni lake. Mafundisho haya yana hekima kubwa. Yanatuonyesha kwamba kifo humwondoa mtu, lakini hakifuti haki. Aliyekufa hawezi tena kulipa, basi walio hai husimama mahali pake.

Sasa, ndugu msomaji, tuligeuze jambo hili upande wa pili. Ikiwa deni la marehemu kwa watu halifutwi na kifo chake, je, deni la watu kwa marehemu lafutwa? Aliyetulea, aliyetuchimbia kisima, aliyekesha akitafuta gari la kumpeleka mtoto wetu hospitali usiku wa manane, alitukopesha umri wake. Hatuwezi kumrudishia umri huo, kwani ameshatutoka. Lakini tunaweza kuwalipa wale aliowapenda, na kuitunza ile kazi aliyoianza. Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyo hai.

Mfano bora tunaupata kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Bibi Khadija (r.a.) alipofariki, Mtume hakuacha kumtaja kwa mapenzi miaka mingi baadaye. Wala hakuishia katika kumtaja. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume alipochinja kondoo alikuwa akitenga vipande vya nyama na kuwapelekea marafiki wa Khadija. Tazama jinsi tendo hilo lilivyo dogo na jinsi maana yake ilivyo kubwa! Ukarimu wa mke wake haukukoma pamoja na uhai wake, kwa sababu mumewe aliutwaa akauendeleza kwa mkono wake.

Vivyo hivyo sahaba Saad bin Ubada (r.a.), alipofiwa na mama yake, alimwuliza Mtume ni sadaka gani iliyo bora, akaambiwa ni maji. Akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Wakazi wa Temeke wanaonunua maji kwa madumu kutoka kwenye mkokoteni hawahitaji kufafanuliwa kwa nini jibu lilikuwa maji.

Jina na kazi

Tuchukue sasa mfano wa karibu nasi. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa dini, akashiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1953, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, ambacho mpaka leo hakikosekani watu wanapojadili vina na mizani. Mwaka 1960 alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, na mwishowe akashika wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Alifariki Oktoba 1964 huko Ujerumani Magharibi, umri wake ukiwa miaka arobaini tu.

Leo jina lake liko juu ya uwanja wa michezo mjini Arusha. Maelfu ya watu wamelitamka jina hilo kwa sababu ya mpira. Kuliweka jina lake pale ni heshima inayostahili, wala hatuipunguzi. Lakini jina juu ya lango ni kitu kimoja, na kazi ya mwenye jina ni kitu kingine. Kijana awezaye kutaja Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mara mia, asijue kwamba mtu huyu alikuwa na elimu ya dini na ya dunia, na kwamba aliiona lugha yetu kuwa amana ya kutunzwa, amelihifadhi jina na kuipoteza kumbukumbu. Na kijana atungaye shairi lenye vina sahihi kwa kufuata kanuni alizozipanga Sheikh Amri, hata kama hajawahi kufika Arusha, amemlipa sehemu ya deni lake.

Tena tukumbuke jinsi mji wenyewe ulivyokuwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilipata watu 128,742 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Hakuna meya wala waziri awezaye peke yake kujenga mahali pa watu wengi hivyo. Sehemu kubwa ya mitaa hii imejengwa na wakazi wenyewe, nyumba baada ya nyumba, mara nyingi kabla ramani haijachorwa na kabla bomba halijafika. Kwa hiyo kila mtaa unao watu wake wema waliotangulia, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Nyumba na mtaa

Pengine mtu atauliza: Je, mtu anaweza kuwa mwema kwa nyumba yake na kwa mtaa wake pia? Je, hao wanaojishughulisha na mambo ya watu si ndio ambao watoto wao hulala bila kuwaona?

Swali hili ni la haki. Wako watu ambao nje husifiwa na ndani huogopwa. Wako wanaotoa mchango mkubwa mbele ya mkutano, na nyumbani mke hana hela ya mboga. Mtume (s.a.w.) ameifunga njia hiyo alipofundisha kwamba aliye bora ni yule aliye bora kwa watu wa nyumbani kwake. Naye, pamoja na mzigo mzito wa umma mzima, imepokewa kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani mwake katika kazi zao na akishona kiatu chake mwenyewe. Basi wema wa nje usio na mzizi nyumbani ni kama kivuli kisichokuwa na mti.

Lakini kosa liko pia upande wa pili, na watu hawalisemi sana. Yuko mtu anayewapenda watoto wake kweli kweli, na kwa sababu ya mapenzi hayo hujenga ukuta unaoziba njia ya maji. Masika yanapofika, nyumba yake hubaki kavu na ya jirani huzama. Yuko anayefagia ua wake ukang'aa, na takataka zake akazitupa mfereji wa wote. Huyu hudhani anawalinda watu wake. Kwa kweli anawafundisha kwamba jirani si mtu, na siku moja maji hayo hayo yatawarudia.

Ukweli ni kwamba nyumba na mtaa si mizani miwili ya kuvutana. Mtoto hujifunza nyumbani kugawa chakula, na akiwa mkubwa hugawa mtaani. Mtume (s.a.w.) amelihesabu hata kuondoa njiani kitu kinachoudhi watu kuwa ni tawi la imani. Imani isiyoshuka hadi kwenye njia wanayopita watu haijakamilika.

Ushahidi wa jambo hili tunao Kinondoni penyewe. Hanna Nassif ni mtaa uliojengwa karibu na bonde la Msimbazi, na mafuriko yaliwasumbua sana wakazi wake. Katika miaka ya 1990 wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na kwa msaada wa wataalamu na wafadhili wakajenga mifereji ya maji ya mvua na njia za mtaa, wanawake kwa wanaume wakishika sururu na makoleo, na wakazi wakichangia gharama. Huko Kunduchi Mtongani nako, mwaka 1991 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kupinga takataka za jiji kumwagwa karibu na makazi yao, na Mahakama ikakubali kwamba jambo hilo lilihatarisha haki yao ya kuishi. Waliofanya hayo hawakuwa watu wasio na familia. Walikuwa baba na mama, na sababu kubwa ya kutoka majumbani mwao ilikuwa wale waliowaacha ndani. Kila aliyepita tangu wakati huo njia kavu, au aliyevuta hewa safi, ni mdaiwa wao, awajue asiwajue.

Baba asiyekuwa wa dini yetu

Liko swali jingine linalowachoma mioyo ndugu wengi walioingia katika dini wakiwa watu wazima. Ndugu husema: Baba yangu alikuwa mtu mwema, alitulea kwa jasho lake na mtaa mzima ulimheshimu, lakini alikufa katika dini nyingine. Je, nimkumbukeje? Je, mapenzi yangu kwake ni upungufu wa imani?

Hasha. Kurani Tukufu, katika Sura Lukman, imeamuru mtoto akae kwa wema na wazazi wake katika mambo ya dunia hata kama wanamshurutisha kumshirikisha Mungu, ingawa asiwatii katika hilo. Kama wema ni faradhi kwa mzazi anayeshindana nawe, itakuwaje kwa yule ambaye hakukufanyia ila hisani? Tena yasimuliwa kwamba binti wa Hatim Tai alipoletwa Madina miongoni mwa mateka, akaeleza jinsi baba yake alivyokuwa akiwalisha wenye njaa na kuwafungua walio taabuni, Mtume (s.a.w.) aliamuru aachwe huru kwa heshima ya tabia za baba yake. Hatim alikuwa amekufa kabla ya Islamu. Wema wake haukutupwa.

Basi hukumu ya mtu iko kwa Mola wake, ambaye hapotezi wema hata ulio mdogo kama chembe. Kazi yetu si kukaa katika kiti hicho. Kazi yetu ni kuuchukua wema tuliouona na kuuendeleza. Aliyeongoka akaacha ukarimu wa baba yake, amepunguza badala ya kuongeza.

Tufanye nini?

Kwa hiyo anapofariki mtu mwema katika mtaa wetu, mambo matatu yatupasa. Kwanza, deni lake lilipwe, na haki ya mjane na yatima ihifadhiwe. Kurani imewaonya vikali walao mali ya yatima kwa dhuluma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Ni aibu kubwa kumsifu baba kwa sauti huku sahani zetu zimejaa kilichokuwa karo ya watoto wake. Pili, tuulize ni kazi gani aliyoiacha nusu, nasi tugawane kazi hiyo kabla turubai halijafunguliwa: huyu mfereji, huyu kisima, huyu mtoto aliyekuwa akimsomesha. Tatu, tuwasimulie watoto habari zake kwa ukweli, pamoja na taabu zake na jinsi alivyozishinda, ili wamwone kuwa binadamu anayeweza kufuatwa.

Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba mtu afapo amali zake hukatika ila tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Ukizitazama vizuri, zote tatu zimo mikononi mwa walio hai. Sadaka haiendelei kama kisima kimeachwa kikabomoka, elimu hainufaishi kama haisomwi, na mtoto hawi mwema kama hapana wa kumlea. Waliotangulia wametuachia amana zao. Mwenyezi Mungu awarehemu wema wote waliotutangulia, na atujaalie sisi tuwe walipaji wa deni lao na wala tusiwe watajaji wa majina tu. Amin.