Kulala Nje kwa Hiari

Kiswahili kimetupa neno moja tu, kambi, kisha kikatuachia kazi ya kujua ni nani anayeongelewa. Kuna kambi ya jeshi, kambi ya timu kabla ya mechi, kambi ya wakimbizi, na siku hizi kuna kambi ya wikendi, ile ya hema la rangi ya machungwa na picha ya miguu imeelekezwa ziwani. Kupiga kambi. Kuwekwa kambini. Kitenzi kinabadilika kidogo, maisha yanabadilika yote. Mimi nataka kuuliza kuhusu nafasi iliyo kati ya vitenzi hivyo viwili: kuna ubaya gani, kama upo, kucheza mchezo wa kulala nje ilhali kuna mtu wa nyumba yako aliyewahi kulala nje bila kuulizwa?

Siulizi hewani. Desemba iliyopita familia yetu ya Shianda (upande wa Mumias, si ile ya Marenyo, watu huchanganya) ilienda kupiga kambi kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Tulienda na trela.

Trela yenyewe ilikuwa ya miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na kwa miaka mingi barabara za huku zilikuwa za trekta kwanza, binadamu baadaye. Mtoto wa Shianda asiyewahi kukimbia nyuma ya trela akivuta muwa mmoja, huyo alilelewa kwingine. Kisha mambo yakaharibika polepole, kampuni ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na trela zikaanza kuota nyasi. Nyingine zilikatwakatwa zikauzwa kwa kilo. Baba mdogo alinunua moja kutoka kwa mtu aliyekuwa anaacha kazi ya kubeba miwa. Ikakaa chini ya mwembe miaka minne, mkewe akiuliza kila Krismasi ile ni nini hasa.

Mwaka jana akaleta fundi wa kuchomelea. Wakatoa vyuma vya pembeni, wakaweka kuta za mabati na plaiwudi ndani, madirisha mawili ya nyumba iliyobomolewa, vitanda vya kupandana, na ngazi. Sakafu waliiacha ileile. Nambari ya zamani ya rangi ya manjano ubavuni baba mdogo alikataa isipakwe rangi. “Hiyo ni jina lake,” alisema, na hakuna aliyebishana.

Mpango ulikuwa Buyangu, msitu wa Kakamega, siku mbili. Trekta ya kukodi ingevuta trela na magodoro na sufuria, sisi tupande matatu. Shida ya kwanza ilikuwa mama yangu. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawalali chini ya paa moja, hiyo kwetu haijadiliwi, na trela ina paa moja tu. Dada yangu akajaribu kusema kitu chenye magurudumu si nyumba. Mama akamtazama. Shemeji, mtu mpole, akaazima kahema kadogo na kulala nje, mita kama ishirini hivi, kwa heshima. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha hatukuenda msituni kuukimbia ukoo. Ukoo tuliubeba wote na masharti yake.

Shida ya pili haikuwa na hema la kuitatua. Senje, dada mkubwa wa baba, aliolewa upande wa Turbo. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, nyumba yake ilichomwa. Alilala miezi kadhaa kwenye kambi ya uwanja wa maonyesho Eldoret pamoja na maelfu ya wengine, kisha akarudi Shianda kwa kaka zake akiwa na mabegi mawili. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alikuwa anafua blanketi moja tena na tena. Alipoambiwa kuhusu safari hakukasirika. Alisema, “Mimi hiyo nilimaliza,” akaendelea kuchambua maharagwe.

Jibu la haraka ni kwamba tungeghairi: mchezo wetu ni kejeli kwa yaliyompata. Sikubali. Kwa hesabu hiyo hakuna anayefaa kucheza chochote, maana kila kitu kimewahi kuwa mateso ya mtu. Jirani zetu Waislamu hapa Mumias hushinda njaa mwezi mzima, na sijasikia mwenye njaa akisema amefanyiwa dhihaka. Kweli, funga inamkumbuka mwenye njaa na kumwekea sahani. Kambi ya wikendi haimkumbuki mtu. Lakini kutomkumbuka mtu si sawa na kumcheka.

Jibu la pili ndilo ninalosikia kwa marafiki wa Nairobi: tofauti ni hiari, basi. Yeye alilazimishwa, nyinyi mmechagua, hivi vitu havihusiani. Hili ni zuri zaidi, ila linakimbia. Hiari inasimama juu ya nini? Henry Odera Oruka, jirani yetu wa Ugenya, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi (nilimsoma kabla sijaacha chuo, na ni mmoja wa wachache nilioondoka nao), alitetea kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili, afya, na riziki. Bila hivyo, alisema, mtu hawezi hata kutumia akili yake kikamilifu kama mtu. Ukisoma hivyo, kupiga kambi ni kushuka kidogo chini ya kile kiwango ukijua kimeshikiliwa mahali. Mvua ikinyesha ni hadithi ya kusimulia, kwa sababu kuna ukuta unakungoja nyumbani. Senje alipolala chini hakukuwa na ukuta popote. Baridi huenda ilikuwa ileile.

Kwa hiyo mimi nauliza: nani anashikilia? Watu wa huku tungepaswa kulijua swali hili mapema. Kabla ya Mumias kuitwa Mumias, wasafiri wa pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, babake Mumia, na misafara ilipumzika hapo. Joseph Thomson alifika mwaka 1883 akiwa na wapagazi zaidi ya 100. Mzungu alikuwa na hema. Hema lilikuwa na vichwa vya kulibeba. Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda, mambo yalikuwa yaleyale, wapagazi tu ndio waliongezeka. Usiku mmoja, uwanja mmoja, huyu yuko safarini, yule yuko kazini.

Sasa tazama sisi. Watu kumi na mmoja wa boma moja tuliondoka siku mbili. Tuliona mbega, tukasikia hondohondo wakipita juu na mabawa yao yenye kelele kama ya treni, watoto wakaogopa giza kisha wakalizoea. Ilikuwa safari nzuri, nasema bila haya. Na muda wote huo kulikuwa na ng'ombe wawili wa kukamuliwa saa kumi na moja alfajiri, kuku, na mlango wa mbele ambao lazima ufungwe na mtu. Ukuta wetu ulishikiliwa na Senje. Mtu pekee kati yetu aliyewahi kukosa mahali pa kurudi ndiye aliyebaki kuhakikisha sisi tunapo.

Kwa hiyo sidhani tulimkosea kwa kulala kwenye trela. Kumbukumbu yake haihitaji tukae ndani tukihuzunika, na angetushangaa. Kama kuna deni, ni la kawaida zaidi, la zamu.

Pasaka, baba mdogo alianza tena habari za Buyangu. Watoto wakapiga kelele. Senje akauliza kama kule kuna maporomoko, kwa sababu Isiukhu amewahi kuiona ikiwa mto tu, hajaiona ikianguka. Angeenda asubuhi, alisema, arudi jioni, kulala hapana. Halafu akauliza nani atabaki na ng'ombe.

Kila mtu akaangalia sahani yake. Mimi sijui kukamua. Ng'ombe yule mwekundu anapiga teke, na Senje anasema lazima uimbe kidogo kwanza, chochote tu, akuzoee sauti. Ameshanionyesha mara tatu. Nikifika nusu ya kopo, anasema, ataanza kutafuta viatu.