Mvua Ikinyesha, Shika Ufito

Najua ulivyofanya Jumamosi iliyopita. Uliamka alfajiri, ukafungua mlango, ukaona mawingu yameufunika Mlima Kenya hadi kiunoni na manyunyu yanapiga mabati, ukarudi kitandani. Kile kikopo cha nzi ulichokijaza kwa mikono yako tangu Machi kikabaki juu ya kabati. Ukajiambia utakwenda wiki ijayo, kukikucha vizuri. Lakini huu ni mwezi wa Julai, na huko Nyeri na Nanyuki mawingu ya wiki ijayo yatakuwa haya haya.

Leo nimekuja kukutoa nyumbani.

Kwa msomaji aliye mgeni wa mambo haya, nzi ninaowasema ni chambo. Ni ndoana, nyingine ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, iliyovikwa uzi na manyoya ili samaki aitwaye trauti adhani ameona mdudu. Nzi hawa hufungwa kwa mkono, mmoja mmoja. Na kwa miongo mingi sasa, mikono ya Wakenya imefunga nzi wanaouzwa Uingereza, Marekani na kwingineko. Mvuvi aliyesimama katika mto wa Scotland asubuhi ya leo huenda ana kofiani mwake kazi ya fundi wa hapa kwetu.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Wapo mafundi wetu waliofunga maelfu kwa maelfu ya nzi wasiwahi kumwona trauti akimdaka hata mmoja. Mito ya trauti wanayo saa chache tu kutoka nyumbani, na ufito hawajaushika.

Aliyenifundisha kufunga ni mmoja wao. Ni mama wa makamo aliyeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, akilipwa kwa dazeni. Nilimtazama siku ya kwanza nikasahau chai yangu ikapoa. Aliibana ndoana kwenye jiliwa ndogo, akaizungushia uzi mweusi kama anayesuka nywele za mtoto, kisha akaufunga mkia wa malaika laini. Malaika hayo huitwa marabuu, jina la korongo wale wakubwa wenye vipara wanaotua juu ya miti ya Nairobi, ingawa siku hizi hutoka kwa bata mzinga. Akavika kiwiliwili kwa uzi mnene wenye vinyweleo, akazungusha unyoya wa shingo ya jogoo kutoka nyuma hadi mbele, nyuzi zake zikasimama pande zote. Akafunga fundo, akakata, akadondoshea tone la vanishi. Haikufika dakika tano. Mtindo huo huitwa Woolly Bugger. Russell Blessing wa Pennsylvania aliubuni mwaka 1967, na mama yule aliujua kwa vidole kuliko wengi wanaoununua.

Nilimwuliza, "Mama, huyu akiwa majini anaonekanaje?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hilo sijui."

Basi tukapanga siku. Na siku yenyewe ilipofika, mvua.

Tulikwenda Mto Gura, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa Aberdare unapoanza. Ndio mto ambao mlowezi Ewart Grogan aliutia trauti wa kwanza wa Kenya mwaka 1905, kutokana na mayai ya samaki wa Loch Leven huko Scotland. Hebu fikiri safari hiyo: mayai yasiyostahimili joto yamevuka bahari, yakateremshwa Mombasa, yakapandishwa hadi kwenye maji baridi ya milima yetu. Kama watu wale wangengoja mambo yawe mepesi, leo Gura usingekuwa na trauti hata mmoja.

Mama alivaa boshori, gambuti na koti la mvua la mwanawe. Manyunyu yalikuwa membamba, ya kutoboa. Saa ya kwanza hatukupata kitu. Vidole vyetu vilikufa ganzi, na aliniuliza, bila lawama, "Samaki gani atatoka nje kwenye baridi hii?" Nilimwonyesha jiwe kubwa katikati ya mto, na nyuma yake kipande cha maji yaliyotulia, si kikubwa kuliko meza. Nikamwambia amrushe nzi upande wa juu wa jiwe, auache mkondo umlete. Akarusha mara tatu. Mara ya nne mshipi ukasimama, ufito ukapinda, na yule mama hakupiga kelele. Alishika tu, mdomo wazi, macho yamemtoka.

Samaki alipoingia wavuni alikuwa wa rangi ya kahawia, madoa mekundu ubavuni, kila doa na duara hafifu kulizunguka. Hakuwa mkubwa, mkono wangu ungemfunika nusu. Lakini mama hakumtazama samaki kwanza. Aliichomoa ndoana mdomoni taratibu, akamgeuza nzi wake kwenye mwanga wa kijivu, akamkagua shingoni, pale anapomalizia kila nzi aliyewahi kumfunga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundo langu limeshika."

Miaka ishirini na zaidi ya kazi, na siku ile, kwenye mvua, ndipo alipoona kwa macho yake kwamba kazi yake ni kweli.

Sasa sikiliza kwa nini nataka uende mvua ikinyesha, wala si siku ya jua. Sikwambii hivi ili ujitese. Trauti huutazama ulimwengu wa nje kupitia duara la mwanga lililo juu yake. Siku ya jua, maji yametulia, atakuona wewe, kivuli chako na kivuli cha ufito wako, na atakuwa amekimbia kabla hujapiga hatua ya pili. Matone ya mvua hulivunja duara hilo. Wingu linakuondolea kivuli. Kelele ya maji inazimeza hatua zako. Mbingu ile iliyokurudisha kitandani ndiyo iliyokufichia njia.

Na mvua huandaa karamu. Huwaangusha siafu na viwavi kutoka kwenye majani, huwazoa mende wa porini na minyoo kutoka kingoni, huwaleta wote kwenye mkondo. Trauti hukaa ameelekeza kichwa upande maji yanakotoka, anangoja chakula kimjie. Mto ukianza kupata rangi kidogo, huacha uoga wake, husogea kandokando ambako maji hayana nguvu, na hula. Wewe uko kitandani, naye anakula.

Ndiyo maana kazi ya mikono yako ina nafasi siku hiyo. Maji yakiwa na rangi ya chai, funga nzi weusi na wakubwa kidogo, kwa kuwa cheusi huonekana vizuri kikitazamwa kutoka chini dhidi ya mbingu. Uache unyoya wa jogoo uwe mwingi, usiunyoe. Trauti ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na nzi mwenye manyoya mengi huyasukuma maji. Samaki atamsikia kabla ya kumwona. Izungushie ndoana waya mwembamba wa shaba kabla ya kuvika kiwiliwili, nzi azame upesi. Kuwa na mshipi mfupi mkononi. Anza karibu: rusha kandokando ya miguu yako kwanza, kabla ya kutamani katikati. Kisha nyuma ya kila jiwe, chini ya kila ukingo ulioliwa na maji, na pale mikondo miwili inapokutana. Mvua ikikatika na maji yakaanza kushuka na kutakata, usiondoke. Saa hiyo ni dhahabu.

Mtu mwenye nzi wa dukani huogopa. Kila jiti lililolala majini ni hasara, kwa hiyo hurusha penye usalama, na penye usalama samaki hayupo. Wewe uliyefunga mwenyewe huna sababu ya kuogopa. Ukimpoteza kwenye mzizi, umepoteza dakika kumi na unyoya wa jogoo aliyeliwa Krismasi. Mrushe penye jiti. Mrushe chini ya tawi. Akirudi amechakaa, utajua umkaze wapi usiku. Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema wazee, na wewe ndiye muundaji. Kosa la nzi wako unaweza kulirekebisha kabla ya Jumamosi nyingine.

Nakuhimiza, lakini sikutumi kufa. Ushujaa wa mtoni una masharti, nami nayasema kwa sauti ile ile. Chukua kibali cha uvuvi, na ukiingia msituni fuata askari wanavyokuelekeza, maana Aberdare na Mlima Kenya ni nyumbani kwa tembo na nyati, na mvua huwazuia kukusikia kama inavyomzuia samaki. Usiende peke yako. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kuleta majani na vijiti, mvua kubwa imenyesha juu mlimani. Toka mtoni saa ile ile, usingoje kurusha mara moja zaidi. Ukisikia radi, laza ufito chini uende mbali nao, kwa sababu fito nyingi za siku hizi ni za kaboni na kaboni hupitisha umeme. Vaa sweta la sufi, beba lingine kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na chupa ya chai. Mikono ikianza kutetemeka hata ushindwe kufunga fundo, siku imekwisha. Rudi. Mto utakuwepo.

Ukishatimiza hayo, huna tena sababu ya kubaki.

Nazungumza na wewe kijana wa Othaya, wa Naro Moru, wa Kiganjo, uliyekua unavuka mto wa trauti ukienda shule na hujawahi kumgusa samaki wake. Pale Kiganjo kuna kituo cha kuzalisha trauti tangu mwaka 1948. Usikubali jambo lililo mlangoni pako liwe la wageni kwa sababu tu wao walikuja na makoti mazuri ya mvua. Gambuti unazo. Jogoo yuko uani. Baridi hii umezaliwa nayo.

Nazungumza na wewe fundi, dada au kaka, unayefunga dazeni baada ya dazeni hadi macho yanauma. Weka kando nzi watatu wako mwenyewe, waliofungwa kwa uzi wako, usiku wako. Hao wasipelekwe sokoni. Wapeleke mtoni. Una haki ya kujua mikono yako inaweza nini.

Na nazungumza na wewe mwenye kikopo juu ya kabati. Nzi wakiwa wakavu kikoponi wote ni wazuri, kila fundo limekaza na kila unyoya umesimama. Ni maji yanayojua, maji baridi yenye nguvu, siku ambayo hakuna anayekupongeza kwa kutoka nje. Utarusha mara hamsini bila kitu. Maji yatakuingia shingoni. Kisha mshipi utasimama, na katika kiganja chako utahisi kitu hai kikivuta upande wa pili wa kitu ulichokiumba wewe.

Kwa hiyo usiku wa leo kaa mezani, washa taa, funga nzi weusi watatu. Weka gambuti mlangoni na koti la mvua juu yake. Mpigie mwenzako mmoja, mwambie mnaondoka saa kumi na moja alfajiri, na umwambie mapema kwamba mvua haitabadilisha neno.

Jumamosi itanyesha. Nenda ukaone kama fundo lako limeshika.